Mtoto Ajiendee Mwenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Pemba)



  Katibu aliponiandikia aliniomba nieleze mafanikio yangu katika kazi ya tiba ya mazoezi ya viungo. Nilimwomba radhi, na mbele yenu namwomba tena. Nimekuja kueleza jambo ambalo nilianza kulisoma katika skuli hii bila ya kujua kwamba nalisoma, na ambalo lilinichukua zaidi ya miaka 20 kulifahamu.

Waliosoma darasa moja nami watamkumbuka mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwatajwa. Alipooza miguu yote miwili kwa ugonjwa wa polio akiwa mdogo. Kwa hesabu alitushinda sote. Kila asubuhi tulimfuata kwao kwa zamu, mmoja akimbeba mgongoni na mwengine akichukua mikoba, tukakipanda kilima hiki mnachokijua. Walimu walitusifu mbele ya skuli nzima. Tulijiona watu wema, na hapana shaka nia yetu ilikuwa njema. Tulimweka kwenye dawati lake asubuhi na tulimwondoa mchana. Wakati wa mapumziko sisi tulikimbilia uwanjani, naye akabaki pale pale tulipomweka.

Tulipomaliza Kidato cha Pili, baadhi yetu tulihamia skuli nyengine, wengine wakaenda Unguja, na wabebaji wakapungua. Mwenzetu akabaki nyumbani. Hakufukuzwa na mtu yeyote, ila hakupatikana tena mgongo wa kumleta.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumtazama. Nilimkuta barazani kwake akitengeneza redio na simu za watu, kazi inayomlisha yeye na familia yake. Tulizungumza mengi na tukacheka mengi. Wakati wa kuagana aliniambia maneno haya, bila ya hasira hata kidogo: "Nyinyi mlinibeba vizuri. Lakini miaka yote ile sikupata kwenda pahala ambapo nyinyi hamwendi."

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani siku ile nikiyatafuna maneno hayo kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali. Wazee wetu wana msemo kwamba mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina, yaani kisogo cha mama yake. Tumezoea kuutumia msemo huu tukitaka kusema kwamba mtoto huiga mwendo wa mzee wake. Mimi tangu siku ile nausikia kwa namna nyengine. Mtoto anayebebwa siku zote huona kisogo tu. Dunia iliyo mbele anaiona aliyembeba.

Leo nataka kuzungumzia watoto wadogo wenye ulemavu wa viungo, wale wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano au sita, na namna jamaa zao na sisi wataalamu tunavyoweza kushirikiana ili watoto hao wapate kujiendea wenyewe. Nasema kujiendea, wala sisemi kutembea. Kutambaa ni kujiendea. Kubingirika juu ya mkeka mpaka mlangoni ni kujiendea. Kusukuma kigari, kushika magongo, kuendesha kiti cha magurudumu, yote hayo ni kujiendea, maadamu anayeamua pa kwenda ni mtoto mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kwani pana tofauti gani, mtoto kubebwa au kwenda, ikiwa atafika pale pale? Tofauti ni kubwa. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Held na Alan Hein, walifanya jaribio kwa watoto wa paka. Waliwafunga wawili wawili kwenye chombo cha kuzunguka, mfano wa kinu cha mafuta cha ngamia ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenziwe alitiwa ndani ya kijisanduku, akazungushwa kwa mwendo wa yule wa kwanza. Wote wawili waliona mambo yale yale kwa muda ule ule. Lakini walipofunguliwa, yule aliyetembea alijua kujihadhari na ukingo wa shimo na kutanguliza miguu kabla ya kugusa chini. Yule aliyechukuliwa hakujua. Macho yake yalikuwa mazima, ila hayakupata kushirikiana na mwendo wake mwenyewe.

Mtoto wa binadamu naye ndivyo. Anapoanza kutambaa huanza pia kupima umbali, kuogopa kimo, kutafuta kitu kilichofichwa, na kumtazama mama yake kutoka mbali ili ajue kama anaruhusiwa. Akili na mwendo hukua pamoja. Kwa hivyo mtoto ambaye miguu yake imechelewa, nasi tukamngojea mpaka "apone" ndipo aanze kwenda, tunamchelewesha mara mbili.

Na wakati haumngojei. Uchunguzi uliofanywa Ontario, Kanada, kwa watoto 657 wenye mtindio wa ubongo, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kwa wastani watoto hao hufikia kiasi cha sehemu 9 katika 10 za uwezo wao wa mwendo wanapofika miaka mitano hivi, na wale wenye ulemavu mzito hufikia kikomo mapema zaidi. Sasa hesabuni wenyewe. Mzazi anayeambiwa "ngoja akue kidogo" anaambiwa aache msimu wa kupanda upite.

Fikra ya kwamba kazi hii ifanywe nyumbani si ngeni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza huduma za utengamao ziwafuate watu wenye ulemavu vijijini mwao, na jamaa wafundishwe kuzifanya. Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 1985 ndugu zetu wenyewe hapa Zanzibar walianzisha Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ambao umefanya kazi ya utengamao katika jamii Unguja na Pemba. Mwaka 1987 David Werner alichapisha kitabu kikubwa cha maarifa aliyoyapata katika kijiji kimoja cha milimani huko Mexico, ambako mafundi wa viti na magongo walikuwa watu wenye ulemavu wenyewe. Na Zimbabwe, Bwana Bevill Packer aliwafundisha watu kutengeneza viti madhubuti vya kukalia watoto kwa maboksi, karatasi kuukuu na uji wa unga. Haya yote yalitokea kwa watu ambao hawakuwa na fedha nyingi kuliko sisi.

Hayo nilifundishwa Moshi nilipokuwa nasomea kazi hii, na katika mtihani niliyajibu vizuri. Lakini kujibu ni kitu kimoja na kufahamu ni kitu chengine. Naomba niwasimulie kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimtibu mtoto wa kiume wa miaka mitatu kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni. Alizaliwa kwa taabu, hakulia alipozaliwa, na baadaye ikajulikana ana mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Mama yake alimleta kliniki kila mwezi, akipanda gari mbili na kulipa nauli mara mbili. Kila alipokuja, mtoto alilia tangu kuingia mpaka kutoka. Mimi nilimnyoosha miguu huku analia, kisha nilimpa mama karatasi yenye mazoezi tisa ya kufanya nyumbani, mara tatu kwa siku. Mwezi wa nne nilimwona mtoto yu vile vile. Nikamkemea mama mbele ya watu. Nilimwambia hamjali mwanawe. Hakunijibu. Mwezi wa tano hakuja.

Nilikwenda kumtafuta kijijini, na sitasema uongo, nilikwenda kwa kuwa dhamira ilinisuta. Ulikuwa msimu wa karafuu. Mama hakuwapo, yumo mashambani anachuma. Nilimkuta bibi yake mtoto amekaa juu ya jamvi na watoto wengine wakichambua karafuu, na yule mtoto amelazwa mkekani pembeni. Bibi alinikaribisha, akanipa maji, kisha akaniambia: "Mwanangu, mazoezi yako tisa mara tatu ni ishirini na saba. Mama yake huondoka alfajiri na kurudi magharibi. Miye ndiye ninayeshinda naye. Mbona miye hukuniuliza kitu?"

Nikamuuliza, nikiwa nimechelewa miezi mitano: "Bibi, huyu mtoto anapenda kwenda wapi?" Akacheka. Akafungua mlango wa uwani, kuku wakaonekana. Yule mtoto, ambaye kwangu mimi alikuwa hajui ila kulia, alijigeuza, akabingirika mara moja, akabingirika mara ya pili, akajikokota kwa kiwiko, mpaka akafika kizingitini akawatazama kuku. Nilikuwa nimeandika kwenye faili lake kwamba hana mwendo wowote wa kujitegemea.

Jamaa yake ilijua jambo nisilolijua, nami nilijua mambo wasiyoyajua wao. Hapo ndipo ushirikiano wetu ulipoanza. Nilimwonyesha bibi namna ya kumkalisha mtoto katikati ya miguu yake huku amemtenganisha mapaja, ili ile mikakamao ilegee, na mikono yake iwe huru mbele. Basi akawa anachambua karafuu pamoja nao, karafuu huku na makonyo kule. Mara nyingi alichanganya, na bibi alimwachia achanganye. Kusogea mpaka kwenye pishi na kurudi kukawa ndiyo mazoezi. Hakuna aliyehesabu mara ngapi, na mtoto hakulia.

Kisha tukafikiria kigari. Huko Marekani, Profesa Cole Galloway, alipokuwa Chuo Kikuu cha Delaware, alishirikiana na wazazi kubadilisha zile gari za betri za kuchezea watoto, kwa kutia swichi kubwa ya kubonyezwa kwa kiganja na mabomba ya plastiki ya kumwegemeza mtoto, ili hata aliye chini ya miaka mitatu aendeshe mwenyewe. Sisi hatukuwa na gari ya betri. Nilichora ubao wa kulalia kifudifudi wenye magurudumu manne ya beringi, kama wanavyofanya watoto wa mjini. Mjomba wake mtoto aliutazama mchoro wangu akasema: "Daktari, hizi zitakwenda sakafuni tu. Akitoka uwani zitazama." Alisema kweli. Akatafuta magurudumu ya baiskeli kuukuu za kitoto, akamwita seremala, na kigari kikatoka kizuri kuliko nilivyokichora. Baadaye tukaweka fito mbili za mianzi tangu mlangoni mpaka jikoni, kwa kimo cha kiuno cha mtoto, apate kushika na kusimama.

Msidhani hatukugombana. Mama yake aliogopa kisima na mafiga ya moto, na alikuwa na haki kuogopa. Mimi nilikuwa nimezoea kusema "mwachieni" kisha nikaondoka zangu. Tulikubaliana kwamba kigari kisitoke mpaka mjomba amefunika kisima na kuzungusha uzio jikoni. Ikawa hivyo. Na dada yake, aliyekuwa darasa la sita, akapewa daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika yale bibi aliyoyaona kwa wiki, na ukurasa wa kulia mimi niliandika langu kila nilipofika. Daftari lile limenifundisha kazi kuliko mihadhara mingi.

Mtoto alipokuwa na miaka minne na miezi kadhaa, nilifika siku moja nikamkuta mama yake amesimama njiani analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mtoto alikuwa amepotea kwa karibu nusu saa. Alikutwa nyumba ya tatu, kigari kikiwa kimekwama kwenye mzizi wa mwembe, naye anazungumza na mbuzi. Mama akaniambia: "Tangu nimzae sijapata kumtafuta mwanangu. Siku zote najua alipo, ni pale nilipomweka. Leo nimemtafuta kama mama wengine."

Ndugu Mwenyekiti, mtoto yule hatembei kama watoto wengine, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesimulia habari ya mtu aliyepona. Mtindio wa ubongo haumtoki mtu. Lakini yeye huamka asubuhi na kuamua pa kwenda.

Katika hayo nimejifunza mambo matatu, nayasema kwa ufupi.

La kwanza, mtaalamu aanze kwa kuuliza kabla ya kuagiza. Aulize mtoto anataka kwenda wapi, nani anashinda naye, na nyumba ikoje. Mimi namwona mtoto saa moja kwa mwezi. Jamaa zake wanamwona siku zote zilizobaki.

La pili, jamaa nao wasiache kusema. Mama akiona zoezi halifanyiki, aseme halifanyiki, asikae kimya kisha akaacha kuja. Na wasifiche mtoto ndani kwa kuona haya. Wala mapenzi yasiwe kamba. Mtoto mwenye ulemavu naye ana haki ya kuchubuka goti, madhali kisima kimefunikwa.

La tatu, chombo kimfuate mtu na pahala pake. Pemba ni vilima na mabonde, mchanga na tope. Nimeona viti vya magurudumu vilivyoletwa kwa sherehe, vikapigwa picha, na baada ya miezi mitatu vimegeuka pahala pa kulala kuku, kwa sababu magurudumu ya mbele yalikuwa madogo yakizama njiani, au kiti kilikuwa cha mtu mzima na aliyepewa ni mtoto wa miaka mitano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likasema wazi kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake, afundishwe kukitumia, na baadaye afuatwe ili kitengenezwe. Mwenye kutaka kutoa sadaka ya kiti, atoe pamoja na fedha ya fundi.

Sasa nafika nyumbani, yaani hapa skuli. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu, nambari 9 ya mwaka 2006. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 20 inazungumzia haki ya mtu kujiendea kwa uhuru mkubwa iwezekanavyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Karatasi tunazo. Jana jioni nilikuja hapa na futi ya kupimia. Ngazi za kuingilia ukumbi huu ni tatu, na kimo chake ni sentimita 45. Kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila kimo cha sentimita moja, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hivyo tunahitaji mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Nafasi ipo, upande wa mnazi. Saruji, kokoto, mchanga na mafundi wawili kwa siku chache, basi.

Ndugu zangu wa zamani, naomba mchango wetu wa mwaka huu uanze hapo, kabla ya kufikiria kikombe cha mpira. Yule mtoto wa kuku na mbuzi atafika umri wa sekondari, inshaallah, na si yeye peke yake.

Na nyinyi vijana, nina neno moja kwenu. Mkimwona mwenzenu mwenye ulemavu, msikimbilie kumbeba. Muulizeni kwanza anataka kwenda wapi, na anataka kwenda vipi. Huenda akakwambieni mbebeni, basi mbebeni kwa moyo mweupe. Huenda akakwambieni ondoeni jiwe lile njiani, kisha nipisheni.

Yule mwenzetu nilimwalika aje leo. Aliniuliza: "Ngazi zile zingalipo?" Nikamwambia zipo. Akasema: "Basi nitakuja mwakani, mkishaziondoa. Nataka niingie ukumbini mwenyewe, nikae nitakapo, na nikichoka kukusikiliza niondoke."

Nadhani ameomba jambo dogo.